Sigara, kiuno na sukari: maswali tunayoulizwa barazani Lamu

Tukitandika meza kando ya bahari, na juu yake mashine ya presha, kidude cha kupimia sukari na tepu ya fundi wa nguo, maswali huwa yaleyale. Ya wavutaji huja kwa mzaha, ya wake zao huja kwa kunong'ona. Nimeyaandika hapa kwa sababu nimechoka kuyajibu nusunusu huku foleni imesimama. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa mji huu, na baba yangu alikuwa mtu wa pakiti moja kwa siku. Walioniuliza sitawataja.

Mnasema "umetaboli, umetaboli". Ndio nini?

Ni kazi ya mwili kukigeuza chakula kuwa nguvu, kuitumia nguvu hiyo na kuweka akiba. Kazi hii ikianza kuharibika, mtu hahisi kitu. Haumwi popote. Ndiyo maana tunapima.

Tunaangalia mambo matano: upana wa kiuno, presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na aina mbili za mafuta yaliyomo kwenye damu. Moja ni trigliseridi, ambayo haitakiwi kuwa nyingi, na nyingine ni HDL, mafuta mazuri, ambayo haitakiwi kupungua. Mipaka ambayo mashirika makubwa ya moyo na kisukari yaliafikiana mwaka 2009 ni hii: presha kuanzia 130 kwa 85, sukari kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke (sukari na mafuta tunahesabu kwa milimoli kwa lita). Kiuno kina hadithi yake, tutakifikia. Aliyevuka mipaka mitatu kati ya mitano yuko katika kundi linaloelekea kisukari, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa haraka kuliko jirani yake.

Sigara inagusa yote matano. Watu wengi wanaijua kwa mapafu na kansa tu, na hapo ndipo tunapopishana nao.

Mume wangu anavuta tangu ujana na ni mwembamba kama mlingoti. Kisukari kitampata wapi?

Dada yangu, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kila anayeliuliza anaamini tayari ameshinda.

Ni kweli kwamba wavutaji, kwa wastani, wana uzito mdogo kidogo kuliko wasiovuta. Nikotini huua hamu ya kula na huufanya mwili uchome nguvu zaidi kidogo ukiwa umekaa tu. Lakini hayo mafuta machache aliyonayo yamekaa wapi? Kwa mvutaji hupenda kujazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, badala ya kutawanyika chini ya ngozi kwenye mapaja na makalio. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo mabaya. Mikono itakuwa myembamba, miguu myembamba, na katikati kuna kifundo.

Halafu kuna sukari yenyewe. Fikiria gati letu siku jahazi au mashua ya mizigo imefika. Magunia yameshushwa, punda wanapakiwa, na kila gunia lina mlango wake mjini. Sukari kwenye damu ni magunia hayo, na insulini ndiye mwenye kubisha hodi ili mlango ufunguliwe gunia liingie. Kila sigara inapovutwa, nikotini huamsha adrenalini, mwili ukadhani kuna hatari. Ini linamwaga sukari zaidi, mafuta yanaachiwa yazurure kwenye damu, na misuli inakuwa mizito kumfungulia insulini. Anabisha, hafunguliwi. Magunia yanalundikana gatini. Kongosho linaona hali ile na kuongeza wabishaji, likaongeza tena, mpaka siku moja linachoka.

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema wazi kwamba kuvuta sigara ni moja ya visababishi vya kisukari cha aina ya pili, na kwamba mvutaji ana uwezekano wa kukipata uliozidi wa asiyevuta kwa asilimia 30 hadi 40. Kadiri sigara zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyoongezeka. Huo wembamba wa bwana haukumkinga, umemfanya asishtuke tu.

Kwa nini mnapima kiuno? Mizani si inatosha?

Mwaka jana alikuja mzee mmoja, nahodha wa zamani, mvutaji. Mizani ikasema kilo 64. Akacheka, akawaambia wenzake waliokaa kwenye magunia ya saruji, "Mwaona? Kijana!" Nikamwomba tumpime kiuno. Akasema hakuna haja, kiuno chake ni inchi 34 tangu alipooa, suruali zake zote ni hizo.

Sasa angalia jinsi mwanamume wa huku anavyofunga kikoi. Fundo linakaa chini ya kitambi, si juu yake. Suruali ikibana unajua, kifungo kinakupigia kelele. Kikoi hakibani mtu. Tumbo likikua, kinateremka kidogo, kinazunguka pungufu kidogo, na mwenyewe haoni kitu miaka ishirini. Suruali yake ya 34 nayo ilikuwa imeshateremka hadi kwenye nyonga. Tulimlegezea kikoi, nikapapasa ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikaweka tepu katikati ya hapo, nikamwambia apumue kawaida. Wengi hapa huvuta tumbo ndani, naye alilivuta, nikangoja. Ilisoma sentimita 101. Kilo 64, kiuno 101. Hakucheka tena, aliomba tupime mara ya pili.

Kwa kina mama, dera na buibui hufanya kazi ileile ya kikoi. Ni mavazi ya heshima na ya raha, lakini hayatoi habari.

Vipimo hivyo si vya Wazungu? Sisi Waamu, watu wa Lamu, tupimwe kwa kipi?

Swali zuri, na aliyeniuliza alikuwa kijana wa chuo aliyesoma. Jibu ni refu kidogo.

Wamarekani mwaka 2001 waliweka mpaka wa kiuno sentimita 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Baadaye ikaonekana kipimo kimoja hakiwafai watu wote. Watu wa asili ya Bara Hindi hupata kisukari wakiwa na mwili mdogo kuliko Wazungu, kwa hiyo kwao mpaka ukashushwa: 90 kwa wanaume, 80 kwa wanawake. Wazungu wa Ulaya wakawekewa 94 na 80. Na Waafrika wa kusini mwa Sahara? Na Waarabu? Hapo ndipo utacheka au utalia: kwa sababu takwimu zao hazikutosha, iliandikwa watumie za Wazungu wa Ulaya hadi zao zipatikane.

Sasa wewe njoo Lamu ukagawe watu. Nyumba moja tu: babu wa upande wa baba alitoka Hadhramaut huko Yemeni, bibi ni Mbajuni wa Faza, upande wa mama kuna damu ya Pokomo, na mjomba ameoa Bohora, mwenye asili ya Bara Hindi, aliyezaliwa hapahapa. Mtoto wao atasimama kwenye foleni gani? Nikisoma makaratasi yaliyoandikwa "kundi la kikabila" namkumbuka mpangaji wetu wa zamani aliyejaza fomu ya serikali, akafika kwenye sanduku la kabila, akalamba wino wa kalamu akifikiria, kisha akaandika "Mwamu" na kuirudisha.

Ninachofanya mimi ni hiki. Mwanamume, 94 ni kengele. Mwanamke, 80 ni kengele. Ukijua kwamba kwenu kuna asili ya Bara Hindi, au baba na mama wote wana kisukari, mwanamume ahesabu 90. Huu si ukuta kwamba aliye na 93 yuko peponi na aliye na 95 kaburini. Ni pa kuanzia kuuliza maswali mengine. Na ukiwa unavuta, usingoje tepu ifike huko.

Basi sigara inawadhuru watu wa asili tofauti kwa viwango tofauti?

Inawadhuru wote. Tofauti zipo, lakini hazisemi kile watu wanachotaka ziseme.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ilionekana kwamba wavutaji weusi walikuwa wakiingiza mwilini nikotini zaidi kwa takriban asilimia 30 kutoka kila sigara kuliko wavutaji weupe, na miili yao ilichelewa kuondoa masalio yake. Wamarekani wenye asili ya China, kwenye uchunguzi uliofuata, waliingiza kidogo zaidi kwa kila sigara, kwa sababu miili yao huchakata nikotini polepole na hivyo mtu hahitaji kuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo "mimi navuta kumi tu" si kipimo kimoja kwa kila mtu. Kumi zako na kumi za rafiki yako mgeni huenda si sawa.

Tofauti ya pili iko kwenye damu. Wamarekani weusi, hata wakiwa na ukinzani wa insulini, yaani ile milango isiyomfungulia, mara nyingi trigliseridi zao huwa chini, huku presha ikiwa juu. Maana yake, orodha ile ya mambo matano inaweza kumpitisha mtu mweusi kama mzima ilhali moyo wake uko hatarini. Mambo haya yamechunguzwa kwa muda mrefu katika utafiti mkubwa uitwao MESA, ulioanza mwaka 2000 kwa watu 6,814 wa makundi manne, weupe, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wenye asili ya China, katika maeneo sita ya Marekani. Hakuna Mwamu ndani yake, na mtu mweusi wa Baltimore si mtu wa Kizingitini huku Lamu. Anakula vingine, ana historia nyingine. Tusikope matokeo yao kama tunavyokopa shati. Tunachoweza kukopa ni tahadhari: usitulie kwa kuwa namba moja iko sawa.

Tofauti nyingine haiko kwenye damu kabisa. Iko kwenye bei, matangazo, kazi na umbali wa zahanati. Kijana anayebeba mawe ya matumbawe kutwa anavuta ili njaa imsahau. Hilo si kabila.

Niongeze moja linalotuhusu sisi wa Pwani, ingawa si la sigara. Huku kuna watu wengi waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, bila kuugua. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kinaweza kusoma chini kuliko ukweli kwa mtu kama huyo. Ukijua uko hivyo, mwambie daktari kabla hajafurahia majibu yako.

Wanawake wetu hawavuti. Hili si la wanaume?

Kwa hesabu, kuvuta ni kwa wanaume. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku Kenya wa mwaka 2014 ulikuta wanaume wanaovuta ni asilimia 15.1, wanawake asilimia 0.8. Lakini usifunge ukurasa. Uchunguzi huohuo ulikuta wanawake wanaotumia tumbaku isiyovutwa, ya kunusa au kutafuna, ni asilimia 3.8, karibu sawa na wanaume, ambao ni 5.3. Na mwanamke anayevuta mjini kwetu haambii mtu. Huvuta juu ya sakafu ya paa usiku, halafu anatafuna karafuu. Huyo haji kwenye meza yetu, wala hakuna anayemuuliza.

Mwanamke akivuta, mwili wake unalipa zaidi kwa sigara ileile. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya tafiti za mamilioni ya watu na kuona kwamba hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inayoletwa na sigara ni kubwa kwa wanawake kwa asilimia 25 zaidi ya wanaume. Wanawake pia huchakata nikotini haraka, hasa wakiwa wajawazito au wakimeza vidonge vya kupanga uzazi, kwa hiyo kiu inarudi upesi. Sigara hupunguza nguvu ya homoni ya kike, na hedhi hukoma mwaka mmoja au miwili mapema, na kinga ya moyo anayokuwa nayo mwanamke kabla ya hapo huondoka nayo. Na hili ulishike: mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta asimeze vidonge vya mpango vyenye estrojeni. Damu huganda. Kuna njia nyingine, aulize.

Kuhusu mkusanyiko ule wa mambo matano, tafiti nyingi, hasa za Korea na Japani, zilionyesha uhusiano ulio wazi kwa wanaume: sigara nyingi, hatari nyingi. Kwa wanawake matokeo yametofautiana, na sababu moja ni kwamba wavutaji wa kike katika tafiti hizo walikuwa wachache mno, wengine wakificha.

Halafu kuna mke wa mvutaji. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha machache. Moshi wa sebuleni unalala humohumo na watoto. Wasiovuta wanaokaa kwenye moshi wa wengine nao wameonekana kupata kisukari zaidi. Ongeza kwamba mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi ni asilimia 38.5, wanaume 17.5. Mama ana kiuno chake, baba ana sigara yake, na wote wanavuta hewa moja.

Bibi yangu ametafuna tambuu maisha yake yote, na yuko hai.

Mungu amzidishie umri. Tambuu yenyewe, yaani lile jani, sina ugomvi nalo sana. Ugomvi uko kwenye popoo, ile kokwa inayofungwa ndani ya jani, na zaidi kwenye tumbaku inayotiwa ndani. Popoo bila tumbaku imetambuliwa kuwa inasababisha kansa ya kinywa, na huko Asia watafunaji wa popoo wameonekana kuwa na kiuno kipana na kisukari zaidi kuliko wasiotafuna. Tumbaku ikitafunwa inaleta nikotini ileile, tena inakaa kwenye damu muda mrefu. Bibi hatumfokei. Tunampima presha na kumwangalia ndani ya mashavu kama kuna weupe au kidonda. Wajukuu wanaotia kuberi, ile tumbaku ya pakiti, mdomoni, hao ndio ninaowafokea.

Shisha si inapita majini ikasafishika?

Hapana. Maji yanapoza moshi, hayausafishi, na kwa kuwa umepozwa mtu anauvuta kwa kina na kwa saa nzima. Mkaa unaongeza hewa ya kaboni monoksaidi. Serikali ilipiga marufuku shisha mwishoni mwa mwaka 2017. Kwamba mnaipata ni habari nyingine.

Na miraa pamoja na sigara?

Wavutaji wengi vijana ninaokutana nao huvuta zaidi wakiwa wanatafuna. Miraa au muguka mdomoni, soda mkononi, chingamu ya kukata uchungu, sigara baada ya sigara hadi usiku wa manane. Miraa inapandisha presha, sigara inapandisha presha, soda ni sukari tupu, na chakula cha usiku hakiliwi. Asubuhi mtu huamka saa nne na njaa ya mbwa mwitu, akala mahamri matano. Namwambia kijana wa namna hii: ukishindwa kuacha vyote, anza kwa kubadilisha soda iwe maji. Ananitazama kama nimemtukana, lakini wapo waliofanya.

Navuta mbili au tatu tu kwa siku, tena nanunua moja moja.

Kuuza sigara moja moja ni kinyume cha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ingawa kila kiduka kina pakiti iliyofunguliwa pembeni ya biskuti.

Kuhusu uchache: moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mwenye kuvuta ishirini. Ungetegemea iwe sehemu moja ya ishirini, sivyo? Kupunguza ni hatua, usiifanye kituo.

Nikiacha nitanenepa. Si nitakuwa nimejiletea kisukari mwenyewe?

Hofu hii ina ukweli ndani yake na sitakudanganya. Wanaoacha huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na nyingi huja katika miezi mitatu ya mwanzo. Ladha inarudi, hamu inarudi, mkono uliozoea kwenda mdomoni unatafuta kazi.

Na ni kweli pia kwamba kisukari kinaweza kuongezeka kwa muda baada ya kuacha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata walioacha kwa miaka mingi. Hatari ilipanda, ikafika kileleni kati ya mwaka wa tano na wa saba, kisha ikateremka. Lakini sikiliza sehemu ya pili: ilipanda kwa wale walionenepa. Wasioongezeka uzito haikuwapandia. Na vifo vilipungua kwa walioacha wote, walionenepa na wasionenepa. Mafuta mazuri, HDL, hupanda baada ya kuacha hata mtu akiongeza kilo, na kwa wanawake hupanda zaidi. Mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya moyo imeshapungua karibu nusu.

Kwa hiyo kazi yako ni miezi ile mitatu. Usianze kuacha na kujinyima chakula siku moja, utashindwa yote mawili. Chai ya maziwa iwe na kijiko kimoja badala ya vitatu. Halua iwe ya harusi na Maulidi. Samaki wa kuchoma, mbaazi, mchicha na tembele, hivyo kula. Wali wa nazi punguza sahani. Na tembea: mji wetu hauna magari, lakini siku hizi hata wa Langoni kwenda Mkomani anaita bodaboda.

Jambo moja ambalo halisemwi sana, na kwa mji wa kahawa kama huu linastahili kusemwa. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vyako vilevile sita vya kahawa tungu baada ya isha vinageuka kama kumi. Unatetemeka, moyo unadunda, usingizi haupo, na unasema "ni sigara inaniita". Wakati mwingine ni dele la kahawa tu. Punguza vikombe nusu wiki ya kwanza.

Tayari nina kisukari na natumia sindano. Niache?

Acha, lakini mwambie daktari wako kwanza. Wavutaji wenye kisukari mara nyingi huhitaji insulini zaidi. Ukiacha, dozi ileile inaweza kuwa kubwa mno na sukari ikashuka ghafla. Pima mara kwa mara wiki za mwanzo, na weka tende au sukari mfukoni ukienda baharini.

Kama nikotini ni utumwa, mbona Ramadhani nashinda bila sigara?

Swali hili alilileta mvuvi, akidhani ananikamata. Nikamuuliza, "Na magharibi huanza na nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "Tende moja. Halafu fegi, kabla ya uji."

Kutoka alfajiri hadi magharibi hapa ni zaidi kidogo ya saa 13. Mwili uko mtupu, umekauka, na mtu anaupiga nikotini ya kwanza kwa pumzi ndefu. Presha na mapigo ya moyo huruka, kichwa kinazunguka, na yeye anaita ile raha. Ila swali lake lina dhahabu ndani. Amejionyesha mwenyewe kwamba saa 13 anaziweza, siku 30 mfululizo. Kiu ya nikotini huwa kali zaidi siku mbili tatu za kwanza, na hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne, ambao ndio urefu wa Ramadhani. Kinachobaki ni usiku, kati ya tarawehe na daku, na hapo ndipo tunapopanga naye: akae na nani, baraza gani aikwepe. Vibandiko na chingamu za nikotini vipo kwenye baadhi ya maduka ya dawa, si rahisi kwa bei, na husaidia kweli. Huyu mvuvi hakuvitaka. Alibadilisha baraza.

Nikija kupimwa nijitayarishe vipi?

Kwa sukari ya asubuhi, usile wala usinywe chochote isipokuwa maji kwa saa nane. Kwa presha, usivute wala usinywe kahawa nusu saa kabla, uwe umekwenda haja ndogo, ukae dakika tano kimya huku umeegemea na miguu iko chini. Wavutaji wengi huzima sigara hatua tatu kutoka mezani, nami nawarudisha nyuma ya foleni, wakae wapoe. Kinyume chake pia nimekiona: mtu hajavuta tangu usiku, presha yake inasoma vizuri, anaondoka na furaha, na dakika kumi baadaye yuko mahali ambapo namba ile si yake tena. Kwa hiyo nitakuuliza ulivuta saa ngapi. Jibu kweli, siandiki jina.

Na kikoi ukifunge juu juu tu, tutakilegeza. Pazia lipo.